Bangi ya dawa: tusizibe jua la Ikweta ili tuwashe taa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo katika mjadala wa vibali vya kulima bangi ya dawa hapa Uganda limechukuliwa kana kwamba limekwisha kuamuliwa. Wanasheria, wafanyabiashara na baadhi ya wataalamu wanaokaribishwa kwenye vipindi vya redio hurudia kusema kwamba kilimo cha kisasa cha zao hili ni lazima kifanyike ndani ya jengo lililozibwa pande zote, chini ya taa za umeme, tangu kipandikizi kinapotia mizizi hadi ua linapokomaa. Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika mashamba ya maua yaliyo kando ya Ziwa Victoria, wilayani Wakiso, na kwa ninayoyajua kuhusu mimea inayofuata urefu wa usiku, naamini kwamba kuandika sharti la namna hiyo katika kanuni zetu kutakuwa hasara kwa nchi na kutawafungia mlango wakulima wake.

Nieleweke tangu mwanzo. Siandiki kutetea uvutaji wa bangi, wala simshauri mtu yeyote kupanda mche hata mmoja nyuma ya nyumba yake. Nimeona vijana wa majirani zangu wakipelekwa Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, na sina hamu ya kuona wengine. Kupanda bila kibali cha serikali ni kosa la jinai, na hali hiyo haikubadilika pale Mahakama ya Katiba ilipobatilisha Sheria ya Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 mwezi Mei 2023 kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa, kwani Bunge lilipitisha sheria nyingine mwaka huohuo. Ninachozungumzia ni kilimo chenye kibali, kinachokaguliwa, ambacho mavuno yake yanakwenda kwenye viwanda vya dawa. Kilimo cha aina hiyo kinaruhusiwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961, mradi serikali yenyewe iwe na chombo cha kukisimamia, na Lesotho ilikwisha kuanza kutoa vibali vyake mwaka 2017.

Bangi ni mmea wa siku fupi. Usiku ukiwa mfupi, mmea huendelea kurefuka, kutoa matawi na majani, na wataalamu huiita hiyo hatua ya ukuaji wa majani. Usiku ukirefuka na kufikia saa 12 hivi bila kukatizwa na mwanga, mmea huacha kurefuka baada ya muda na kuanza kutoa maua, na aina nyingi hukomaza maua hayo kwa wiki 8 hadi 10. Jambo hili si geni. Mfaransa Julien Tournois aliliona katika bangi yenyewe mnamo mwaka 1912, miaka kadhaa kabla ya Wamarekani Garner na Allard kulieleza kwa upana mwaka 1920 kwa kutumia tumbaku na soya. Kinachohesabu saa hizo ndani ya jani ni kemikali inayoitwa fitokromu, ambayo huamshwa na mwanga mwekundu na hurudi katika hali yake ya usingizi gizani. Kwa hiyo mkulima wa ndani huwasha taa kwa saa 18 na kuzima kwa saa 6 wakati anapotaka majani, kisha hubadili ratiba iwe saa 12 kwa 12 anapotaka maua. Huo ndio msingi wa kazi yote, na mengine ni kulisha, kupogoa, na kuhakikisha kwamba hakuna mmea dume unaobaki kuwachavusha majike, kwa kuwa utomvu wenye dawa hukaa katika tezi ndogo zilizo juu ya maua ya majike ambayo hayajapata mbegu.

Sasa tuitazame Uganda. Ikweta inapita Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, ambako wageni husimama kupiga picha. Huku kwetu mchana una saa 12 na dakika chache, mwezi Januari kama mwezi Julai. Mbegu iliyozalishwa kwa ajili ya nchi za kaskazini, ambako mchana wa kiangazi hufika saa 15 na zaidi, ikipandwa hapa nje huanza kutoa maua ikiwa ingali fupi, na mavuno yake huwa duni. Watu wengi wakisikia hivyo husema, basi, kumbe chumba cha taa kinahitajika. Hapo ndipo ninapotofautiana nao, kwa sababu tatizo hilo lilikwisha kupatiwa ufumbuzi katika mashamba yetu ya maua zamani, na ufumbuzi wake ni wa bei nafuu.

Krisanthemumu nayo ni mmea wa siku fupi. Mashamba ya Wakiso yanayozalisha vipandikizi vyake kwa soko la Ulaya hayawezi kuruhusu mimea mama itoe maua, maana mmea uliokwisha kutoa ua hautoi tena kipandikizi kizuri. Wanachofanya ni kuning'iniza taa za nguvu ndogo ndani ya kitalu nyumba cha nailoni na kuziwasha kwa saa chache katikati ya usiku. Taa hizo hazikusudiwi kulisha mmea, kwa kuwa chakula chake umekwisha kukitengeneza mchana kwa jua. Kazi yake ni kuukata usiku vipande viwili vifupi, ili mmea uhesabu kwamba usiku mrefu haujafika. Anayepita usiku karibu na mashamba hayo huuona mwanga wake. Mafundi wa umeme, wasimamizi wa vitalu na akina mama wanaokata vipandikizi wanaijua kazi hiyo vizuri, na hakuna aliyelazimika kwenda Kanada kuisomea.

Ukitaka maua, unazima. Mkulima wa Uholanzi katikati ya kiangazi hana budi kuvuta mapazia meusi juu ya kitalu kizima kila jioni ili atengeneze usiku wa saa 12. Sisi usiku huo tunapewa bure mwaka mzima, na mche wowote uliofikia kimo kinachotakiwa unaweza kuingizwa katika hatua ya maua wiki yoyote ya mwaka. Ni nchi chache zenye nafasi kama hii.

Wapo watakaosema kwamba nazungumza kwa mapenzi ya jua tu, kwa hiyo nitoe hesabu. Chukua chumba kilichofungwa chenye mita za mraba 100. Taa za LED zenye nguvu ya kukomaza maua vizuri huhitaji takriban wati 350 kwa kila mita ya mraba, yaani kilowati 35 kwa chumba kizima. Zikiwaka saa 12 ni yuniti 420 kwa siku, na kwa siku 60 za maua ni yuniti 25,200, kabla ya kuhesabu viyoyozi vya kuondoa joto la taa hizohizo na mashine za kukausha hewa. Katika hatua ya majani, hata ukipunguza nguvu hadi wati 200 kwa mita, saa 18 zinakula yuniti 360 kila siku. Katika kitalu nyumba cha ukubwa huohuo, taa za kukatiza usiku zenye wati 10 kwa mita zikiwaka saa 4 hutumia yuniti 4. Jua la Uganda, kwa wastani, humwaga takriban yuniti 5 za nishati juu ya kila mita ya mraba kwa siku, na halitozi kitu. Kila mwenye mita ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, nyumbani anaweza kuzidisha mwenyewe.

Nchi zilizotangulia zimekwisha kulipima jambo hili. Mwaka 2012 mtafiti Evan Mills alikadiria kwamba kilimo cha bangi ndani ya majengo kilikuwa kinatumia asilimia 1 ya umeme wote wa Marekani. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walionyesha kwamba kilo moja ya maua makavu yaliyolimwa ndani huambatana na gesi zinazoongeza joto duniani za kati ya kilo 2,283 na 5,184, kutegemea jimbo, na sehemu kubwa ya mzigo huo inatokana na kudhibiti hewa na kuwasha taa. Kweli, umeme wetu unatokana zaidi na maji, na tangu bwawa la Karuma lianze kuzalisha megawati 600 tunaambiwa kwamba unatosha. Lakini umeme unaotosha kwenye mitambo si lazima uwe umeme unaofika kijijini, na chumba kisicho na dirisha kikikatikiwa na umeme mchana hubaki giza na joto mpaka jenereta ya dizeli iwashwe. Kitalu nyumba umeme ukikatika mchana, mimea yake haijui.

Nitakuwa sijawatendea haki wanaotaka majengo kama sitataja hofu zao za kweli. Kubwa kuliko zote ni unyevunyevu. Entebbe usiku, hewa huwa imejaa maji, na ua la bangi lililoshonana ni makao mazuri ya ukungu wa kijivu, uleule unaoharibu mawaridi yetu masika. Ukungu huo ukiingia ndani ya ua hauonekani kwa nje hadi ua lioze. Jibu langu ni kwamba pwani ya ziwa si mahali pekee palipo na ardhi. Nakasongola na ukanda wa wafugaji una hewa kavu zaidi, na kitalu chenye paa la juu, matundu ya kutosha ya hewa na feni za kusukuma hewa kati ya mistari huipunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Pale ambapo umeme na jengo lililozibwa vinahitajika kweli ni baada ya kuvuna, katika chumba cha kukaushia, kwa sababu maua yakikauka haraka mno ubora hushuka na yakichelewa huvunda. Chumba hicho ni kidogo, na fedha zinazowekwa humo hazipotei.

Hofu ya pili ni udongo. Bangi ina tabia ya kuvuta metali nzito kutoka ardhini na kuzihifadhi, na mmea wa dawa wenye kadimiamu, metali yenye sumu, hauna soko wala haustahili kuwa nalo. Kwa hili nawaunga mkono moja kwa moja. Kasese ina hewa nzuri kwa zao hili, lakini mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe yamekuwa yakiingia mto Nyamwamba kwa miongo mingi, na yeyote anayeomba kibali katika bonde hilo apimiwe udongo na maji kabla ya kuchimba msingi. Hata hivyo, dawa ya udongo mbaya ni kupanda katika mifuko ya nyuzi za nazi, kama tunavyofanya kwa maua mengine, na mifuko hiyo hukaa chini ya nailoni vizuri vilevile inavyokaa chini ya taa.

Iko ya tatu, nayo ni ulinzi, na hapa nina ombi mahususi kwa watakaoandika kanuni. Sharti la uzio na walinzi ni la haki. Lakini ukiagiza kwamba shamba lote limulikwe usiku kwa taa kali, unaharibu giza ambalo mimea iliyo katika maua inalitegemea. Maua huchelewa, mengine hurudia kutoa majani, na wakulima wa zao hili hulalamika kwamba mimea jike iliyosumbuliwa hivyo huchomoza maua ya kiume na kujizalia mbegu. Taa za uzio zielekezwe nje, na ndani zitumike kamera zinazoona gizani. Ni jambo dogo kwenye karatasi, lakini linaweza kumgharimu mtu msimu mzima.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ninachoomba ni kwamba kanuni zipime mavuno zisipime umbo la jengo. Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa iseme ua liwe na kiasi gani cha viambato vya dawa, ukungu usizidi kiwango gani, metali zisizidi kiasi gani, na dawa za wadudu zisizoruhusiwa ni zipi, kisha sampuli zipelekwe Maabara Kuu ya Serikali pale Wandegeya. Anayeweza kufikia viwango hivyo ndani ya chumba cha taa, na afanye kwa fedha zake. Anayeweza kuvifikia chini ya nailoni asinyimwe kibali kwa sababu tu jengo lake linapitisha jua. Sharti la jengo likibaki, watakaolima ni wenye mitaji ya kutoka nje peke yao, na wanachama wa vyama vya ushirika vya Luweero au Masaka watabaki kuwa vibarua wao.

Na kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, Shirika la Taifa la Utafiti wa Kilimo lipewe kibali cha utafiti, lijenge Kawanda chumba kimoja kilichozibwa na kitalu nyumba kimoja vyenye ukubwa sawa, lipande vipandikizi vya mmea mama mmoja katika vyote viwili, na kila kimoja kifungiwe mita yake ya umeme na ya maji. Matokeo yachapishwe kabla kanuni hazijatiwa saini, na yachapishwe pia kwa Kiswahili na kwa lugha za wakulima watakaoombwa kuzifuata.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msimamizi mstaafu wa vitalu vya maua,
Entebbe.