CD za Freddie Mercury: soma nyuma ya jalada kabla ya kulipa

Mhariri,

Msomaji wenu wa Nyakato ameuliza kama CD ya nyimbo bora za Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya rock ya Queen, zile alizoimba nje ya bendi hiyo, inafaa kutolewa pesa ya kuiagiza ng'ambo. Inategemea anaagiza ipi. Zipo kadhaa, zote zimebeba sura yake kwenye jalada, na ndani hazifanani.

Tuanze na kosa linalowaumiza wengi. Mtu akiona yale masharubu anadhani atakuta "Bohemian Rhapsody" na "We Are the Champions". Hatazikuta, kwa sababu hizo ni mali ya bendi na zina makusanyiko yake. Kazi binafsi za huyu mzaliwa wa Unguja ni albamu mbili tu: Mr. Bad Guy ya 1985, na Barcelona ya 1988 aliyoimba na Montserrat Caballé, bingwa wa opera wa Hispania. Juu yake kuna singo, yaani nyimbo zilizouzwa moja moja, chache za pembeni. Nyimbo zilizoingia kumi bora za Uingereza kwa jina lake ni tano: "Love Kills" ya 1984, "The Great Pretender" na "Barcelona" za 1987, "In My Defence" iliyotoka kama singo mwaka 1992 yeye akiwa keshafariki, na "Living on My Own" iliyoshika namba moja mwaka 1993. Nyimbo tano hazijazi CD. Ndiyo maana wachapishaji hujazia na remiksi, yaani nyimbo zilezile zilizochanganywa upya, na mnunuzi asiyejua hulipia sauti asiyoitaka.

Chukueni hiyo "Living on My Own". Ilirekodiwa kwa ajili ya Mr. Bad Guy na haikuvuma sana ilipotoka. Iliyotikisa disko na redio ni remiksi ya watayarishaji No More Brothers, ya 1993. Sasa mtu anayenunua mkusanyiko wa mwaka 1992 ulivyochapishwa mwanzo hawezi kuipata humo, maana ilikuwa haijatengenezwa. Mikusanyiko ya mwaka huo ilikuwa miwili: The Freddie Mercury Album wa Uingereza na Ulaya, na The Great Pretender wa Marekani. Wa Marekani ndio tunaoshauri uachwe. Nyimbo zake nyingi zilifumuliwa na kuchanganywa upya na watayarishaji mbalimbali baada ya kifo chake, kila mmoja kwa mtindo wake, na CD nzima inasikika kama nguo iliyoshonwa na mafundi sita. Ikipatikana kwa bei ya mtumba, sawa. Kwa bei ya kuagiza, hapana.

Lover of Life, Singer of Songs wa 2006 una CD mbili. Ya kwanza ni nzuri. Ya pili ni ya remiksi na vitu adimu, ya kuwafurahisha wakusanyaji. Msikilizaji wa kawaida ataicheza mara moja.

Mkusanyiko ambao sisi tungeulipia ni Messenger of the Gods wa 2016, CD mbili, uliotoka siku chache kabla ya kumbukumbu ya miaka sabini tangu azaliwe. Huu unafuata singo zenyewe, pamoja na nyimbo zilizokuwa upande wa pili wa sahani za singo hizo. "Living on My Own" imo ya zamani na imo ya 1993, kwa hiyo unazilinganisha mwenyewe. Imo hata "I Can Hear Music" ya 1973, aliyoitoa kwa jina la bandia la Larry Lurex. Na "Barcelona" humo ni ile ya awali, ambayo sehemu kubwa ya muziki wake ilipigwa kwa kinanda cha umeme.

Jambo hilo la kinanda ni la msingi kwa atakayenunua Never Boring ya 2019, ile inayouzwa kama CD moja yenye nyimbo kumi na mbili. Nyimbo za Barcelona kwenye CD hiyo zinatokana na toleo la 2012, ambalo kinanda kiliondolewa na okestra kamili ya Prague ikapiga badala yake, sauti za waimbaji zikibaki zilezile. Nyimbo za Mr. Bad Guy nazo zimechanganywa upya kutoka kanda za studio. Zinasikika pana na safi zaidi. Ila aliyezoea kanda ya miaka ya themanini atahisi kuna kitu kimehamishwa sebuleni kwake. Kinachotetea pesa ya Never Boring ni "Time Waits for No One", Freddie na piano tu, sauti yake ikiwa ya 1986, iliyotolewa kwa mara ya kwanza 2019. Kama una hamu ya kusikia koo lile bila mapambo, hapo ndipo pa kusikilizia.

Mwenye Greatest Hits III ya Queen ya 1999 aangalie kwanza kabatini. Ndani yake tayari zimo "Barcelona", "The Great Pretender" na "Living on My Own" ya 1993.

Kuna anayeuliza, CD ya nini zama hizi za flashi? Ajibiwe na gari lake. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Mwanza kutoka Japani yana redio ya FM inayoishia megahezi 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo hadi 108. Mwenye gari hufunga kifaa kidogo cha kusogeza masafa kwenye waya wa antena, au anabaki na mlio wa chenga tangu Igoma hadi Magu. Deki ya CD iliyokuja na gari inafanya kazi siku zote, na haidai bando.

Lakini deki hizo za zamani zina ubaguzi. Nyingi husoma CD ya muziki tu. Ukiingiza CD iliyojazwa MP3 inatemwa. Ukinunua nyimbo mtandaoni na kujichomea, chagua kwenye programu "CD ya sauti", usizidishe dakika 80, na ifunge kabisa ("finalize") ikimaliza kuchoma. Usitumie CD ya kufutika na kuandikwa upya: uso wake unarudisha mwanga hafifu mno na jicho la deki kuukuu halioni kitu. Na usiiache juu ya dashibodi mchana, maana rangi inayobeba data kwenye CD ya kuchoma huharibiwa na jua.

CD zile za mezani mitaani zenye "nyimbo 150 za rock" zitambueni kwa kuzigeuza. CD ya kiwandani kwa kawaida ni ya fedha chini. Ya kuchoma mara nyingi ina rangi ya kijani, bluu au zambarau. Faili zake mara nyingi ni za kilobiti 128 kwa sekunde, na kwa kiwango hicho matoazi husikika kama maji yanayochemka. Kuzigeuza kuwa CD ya sauti hakurudishi kilichokatwa.

Santuri za Messenger of the Gods, boksi la sahani 13 za inchi saba zenye rangi, ni pambo zuri, ila utainuka kugeuza kila baada ya dakika nne. Mwenye mashine ya santuri ya Marekani yenye mota ya AC, ambayo kasi yake hufuata hezi za umeme, ajue kuwa transfoma inashusha volti 230 kuwa 120, haibadilishi hezi 50 kuwa 60. Sahani ya mizunguko 45 itazunguka 37.5, na Freddie ataimba kama amekula usingizi.

Anayeagiza ajumlishe usafirishaji kabla hajafurahia bei, kwani VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya bei ya bidhaa pamoja na gharama za kuifikisha, si juu ya CD pekee. Kwa sababu hiyo ni nafuu watu watatu wanne kuagiza kifurushi kimoja. Asiye na deki wala gari anunue Never Boring kwa kupakua: muziki wa dakika 45 kwa kilobiti 320 ni takriban MB 108, na ukishaupakua hauli bando tena.

Wasikilizaji wa rock,
Kirumba, Mwanza