Dada wa Sagalla, ndovu mimi nimewaona na wewe wajua

Dada, shikamoo.

Simu zangu hupokei na ujumbe wangu waukalia kimya, basi nakuandikia hapa. Maneno yako ulisema mbele za watu, na jibu langu nalileta mbele za watu. Wengine mnaosoma mniwie radhi, sitaeleza kila kitu. Yeye anaelewa.

Mama hajambo. Goti linamsumbua lakini ngazi anashuka mwenyewe. Mwanao wa kati alikuja Ijumaa, akala wali wa nazi na samaki wa kupaka mpaka akalala mkekani. Amerefuka. Nimemnunulia viatu vya shule, na pesa usinirudishie.

Mimi najiandaa bado kupanda Kilimanjaro. Mwezi ujao, inshallah, kikundi chetu tunapanda basi la Taveta, tunavuka mpaka Holili na kuingia Tanzania, kisha Marangu. Njia ile ina vituo vitatu vyenye vibanda vya kulala: Mandara mita 2,720, Horombo mita 3,720, Kibo mita 4,720. Horombo tutakaa siku moja zaidi ili mwili uzoee. Kutoka Kibo watu huondoka karibu na saa sita usiku, wakapanda gizani hadi Gilman's Point, ukingoni mwa shimo la juu, na aliyejaliwa hufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, ambako hewa unayovuta ni kama nusu ya hii yetu ya baharini. Sisi watu wa Mombasa jambo hilo hatuna pa kulizoea. Tunachoweza ni kukaza miguu na pumzi. Kila alfajiri baada ya sala napanda ngazi za jengo letu na dumu la maji mgongoni, na jioni natembea kutoka Mama Ngina hadi kivukoni Likoni na kurudi. Buti na koti la baridi nimepata Kongowea, mitumba mizito mizuri. Mama ameniapisha kwamba kichwa kikiniuma nikaanza kutapika, nitashuka na wala sitajikaza.

Gharama za safari, pamoja na malipo ya wapagazi na waongozaji, nalipa kwa zamu yangu ya chama. Kinachochangwa na watu kwa ajili ya kupanda huku ni cha mizinga ya nyuki na waya wa kuwazuia ndovu mashambani. Liweke hilo moyoni, maana siku ya hina ulisema kana kwamba naomba nauli.

Siku ile ya hina, dada. Bibi harusi kanyoosha mikono, hina haijakauka, nyumba imejaa. Mimi daftari la michango sikulitoa. Ni shangazi aliyeniambia niwaeleze watu kuhusu ule mlima, nami nikaeleza habari za ndovu wa Tsavo, mashamba yaliyo mpakani mwa mbuga, na mizinga. Halati, dadake mama, akafungua kibeti, akatoa noti. Ndipo wewe, umeshika sinia la mahamri, ukasema, "Mimi mahindi yangu yalishawachangia hao ndovu." Watu wakacheka. Hilo nililimeza, kwa sababu ni kweli tupu, na mwenye kulima ana haki ya kulisema. Lakini hukunyamaza. Ukanitazama usoni ukaongeza, "Huyu ndovu kamwona kwenye sarafu ya shilingi 20 tu." Wakacheka zaidi, na halati akairudisha noti kwenye kibeti.

Mimi, dada?

Usiku ule kwako Sagalla, karibu na Voi, mahindi yamekaribia kukomaa na shemeji yuko safarini, nani alikuwa nawe? Tulisikia mabua yakivunjika, tukadhani ni upepo, mpaka tukasikia mmoja akivuta pumzi nyuma ya jiko. Wewe ulipiga debe, mimi nikapiga sufuria kwa mwiko mpaka mwiko ukakatika. Watoto niliwasukuma chini ya kitanda na kuwafunika kwa leso yangu. Asubuhi tangi la maji limepasuliwa, shamba limelala, nawe ukaketi katikati ya mabua usitoe neno mpaka adhuhuri. Niliketi nawe. Uliposema habari ya sarafu ulikuwa wajua. Wengine wote mle ndani hawakujua, ila wewe ulijua.

Wanasema nilipita Voi nikienda Vuria, kilele cha milima ya Taita, kufanya mazoezi wala sikushuka kukusalimia. Ndiyo, nilipita. Ningeshuka nikuambie nini?

Sasa nisikilize, hata kama umekasirika. Usitoke tena usiku na tochi kuwafukuza peke yako. Kila hasara ipige picha, andika tarehe, peleka karatasi za kudai fidia na ubaki na nakala. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inatambua fidia ya mazao, na kwa mtu aliyeuawa imetaja shilingi milioni 5. Najua zako zimelala mezani kwa mtu. Zifuate. Na mizinga usiikatae kwa sababu ya ulimi wangu au wako. Inatundikwa kuzunguka shamba, kila baada ya mita 10 hivi, ikaunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye nyuki anawaogopa mno. Umeiona kwa majirani zako hapo hapo Sagalla, na asali wanauza. Kiangazi kikali nyuki huhama, hilo nalijua, ndiyo maana tumetenga fungu la maji yao.

Waniuliza kwa nini mlima. Kwa sababu nikisimama Marikiti nikiomba pesa za waya wa Sagalla, hakuna atakayegeuza shingo. Wakisikia mwanamke wa Mombasa, mtoto wa joto, anakwenda kulala kwenye barafu, wanauliza, na wakiuliza wanatoa. Sikuzua tabia hiyo ya watu. Naitumia kwa faida yako.

Na shangazi waliosema ndovu wa bara hawatuhusu, wamesahau kwamba maji yanayotoka Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, ndiyo yanayokuja kwenye mabomba ya mji huu. Mwaka 2014 Satao, yule dume wa Tsavo ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi, aliuawa kwa mshale wa sumu. Mwaka uliofuata pembe zilizofichwa katika majani ya chai zikakamatwa Thailand na Singapore, zote zimetoka bandari ya Mombasa. Wamkumbuka baba jioni ile? Bandari ndiyo iliyotulea. Aliweka kijiko chini akasema huenda kontena lile lilipita mbele ya macho yake, na hakula tena. Nilikuwa nimeketi mkabala naye. Kwa hivyo usiniambie nimeiga wazungu. Haya mambo nimeyatoa mezani kwetu.

Jina lako nimeliandika la kwanza kwenye orodha ya mashamba, na sitalifuta. Mafundi wakija kupima, wapokee. Maneno yetu mimi na wewe hayawahusu. Nikitoka Tanzania nitashuka Voi, na safari hii nitakuja mpaka mlangoni kwako. Lakini ile kauli ya sarafu uifute mwenyewe, dada, kwa halati na kwa wote waliokuwapo, kabla sijafika.

Mdogo wako.