Moyo unaokimbia upimwe ukiwa bado unakimbia

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, mwanamke wa miaka 41 na mama wa watoto watatu. Sivuti sigara, sinywi pombe, mirungi sijawahi hata kuionja. Moyo wangu huenda mbio kwa sababu nisiyoijua, na mpaka leo sijapata wa kuniambia ni nini.

Mara ya kwanza ilikuwa Januari 2024, katika ule msimu wa sare za shule ambao sisi mafundi hatulali. Nilikuwa kwenye sketi ya marinda, bobini ikadondoka, nikainama kuiokota. Nilipoinuka moyo ulikuwa umeshachomoka. Haukupanda polepole kama unapopandisha ngazi na ndoo ya maji. Ulikuwa kwenye mwendo wake, na papo hapo ukawa kwenye mwendo mwingine kabisa, kama cherehani ya umeme iliyokanyagwa pedali mpaka chini. Nilikuwa nausikia shingoni, chini ya taya. Binti yangu alikuwa pembeni anakata nyuzi, akaniangalia akasema, "Mama, mbona shingo yako inacheza?"

Ulienda hivyo kama dakika 12, kisha ukakatika ghafla kama ulivyoanza. Pigo moja zito, kimya kidogo, halafu mwendo wa kawaida. Saa ile iliyofuata nilikwenda msalani mara tatu, mkojo mwingi na mweupe kama maji ya bomba. Hili la mkojo nalitaja kwa sababu limejirudia karibu kila mara, na kwa miezi mingi hakuna tabibu aliyeniuliza habari zake.

Tangu siku ile nimehesabu mara 11. Ninazo zote kwa maandishi, kwenye kurasa za nyuma za daftari langu la vipimo vya wateja: tarehe, saa, nilikuwa nafanya nini, nilikula nini, dakika ngapi. Binti yangu, ambaye yuko kidato cha pili, ndiye aliyenifundisha kuhesabu mapigo: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, sekunde 15 kwa saa ya simu, kisha unazidisha kwa nne. Nikiwa nimetulia napata 72, na mtu mzima anatakiwa awe kati ya 60 na 100. Siku moja ya Mei, moyo ukiwa mbioni, binti alihesabu 46 kwa sekunde 15. Akahesabu tena akidhani amekosea, akapata 46. Hayo ni mapigo 184 kwa dakika, na mimi nimekaa tu kwenye kigoda.

Kila mtu ana jibu lake. Majirani wanasema ni presha, lakini kila ninapopimwa presha iko sawa, mara ya mwisho 118 kwa 76. Mama mkwe anasema ni jicho la watu, akanipeleka kwa shehe nikanywa kombe. Nimelinywa kwa imani na silijutii, lakini wiki tatu baadaye moyo ulichomoka tena nikiwa natandika kitanda. Wifi yangu alisema ni kahawa. Niliacha kahawa chungu na kashata za jioni miezi mitano mizima, na katika miezi hiyo daftari lina mara nne.

Hospitalini nako jibu lilikuwa moja: mawazo. Daktari wa kwanza aliniuliza kama nina matatizo nyumbani. Nikamwambia yapo, nyumba gani haina? Akaandika vidonge vya kunilaza usingizi. Nilivimeza wiki mbili, nikawa nasinzia juu ya cherehani, karibu nijishone kidole. Mbio hazikuacha.

Sikatai kwamba mawazo yanaweza kuufanya moyo wa mtu uende mbio. Lakini naomba madaktari wetu watusikilize tunapoeleza kipi kilitangulia. Kwangu hofu huja baada ya moyo kuchomoka, haijawahi kutangulia hata siku moja. Julai ile baba yangu alifariki. Nililia, sikula, sikulala siku tatu, nilikuwa na mawazo ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe. Nimelifungua daftari kutafuta mwezi ule: hakuna hata mara moja. Halafu Agosti, mchana mtulivu, natoa pini kwenye mto, huyo.

Vipimo nimefanya. Wingi wa damu, kwa kuwa upungufu wa damu nao huukimbiza moyo: uko sawa. Sukari sawa. Tezi ya shingo, maana ikifanya kazi kupita kiasi moyo huenda mbio na mtu hukonda. Sampuli ilipelekwa maabara ya binafsi na ikanila fedha ya sketi sita. Iko sawa. Wakaniuliza kama utotoni nilikuwa nasumbuliwa na mafindofindo na kuvimba viungo, kwa sababu homa ya namna hiyo huacha kovu kwenye milango ya moyo. Nikapigwa picha ya eko, ile ya kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, milango yote mizima. Na kipimo cha umeme wa moyo, ECG, nimepimwa mara tano. Mara zote tano nimeambiwa, "Mama, moyo wako mzuri kabisa, nenda nyumbani."

Hapa ndipo penye neno langu. Ile karatasi ya ECG yenye vijiraba vya rangi ya waridi hurekodi sekunde 10. Kumi tu. Siku nzima ina sekunde 86,400, na moyo wangu hukimbia mara moja katika wiki tano au sita. Kunipima ukiwa umetulia kisha kunihakikishia kwamba haukimbii ni sawa na mteja kuniletea cherehani inayoruka mishono, mimi nikaitazama imesimama nikamwambia ni nzima. Fundi yeyote atakwambia: ikanyage tuione inavyoruka.

Na Jumatatu moja ya Oktoba nilikaribia kuonwa. Moyo ulichomoka saa nne kasoro robo asubuhi. Nilikuwa nimeshajiapiza kwamba safari hii lazima nifike, nikaacha mkasi juu ya kitambaa, nikapanda bajaji kutoka barabara ya 12 na vidole viwili kifundoni njia nzima, namwambia dereva asipunguze, kama kwamba gari likipunguza na moyo nao utapunguza. Nikafika hospitali, ambayo siitaji jina kwa sababu nia yangu si kumshitaki mtu, na ulikuwa bado unakimbia. Nikashukuru Mungu.

Dirishani nikaulizwa kadi. Nikasema, moyo wangu unakwenda mbio sasa hivi, naomba mnipime kwanza. Dada yule hakuwa na ubaya, aliniambia tu utaratibu: kadi, kisha malipo, kisha vipimo vya awali, kisha daktari, na daktari ndiye aandike ECG. Mbele yangu kulikuwa na watu tisa. Nikakaa kwenye benchi la mbao naangalia saa ya ukutani. Mzee aliyekuwa jirani yangu aliniona nalowa jasho, akanipepea kwa kadi yake ya kliniki. Zamu yangu ilipofika, daktari akaandika ECG haraka, lakini mashine ilikuwa imepelekwa wodini na mwenye kuiendesha yuko nayo. Dakika ya 38 kwa hesabu yangu, nikiwa nimesimama mlangoni pa chumba cha kipimo na risiti mkononi, moyo ukakatika. Pigo zito, kimya, mwendo wa kawaida.

Mashine ilirudi dakika 20 baadaye. Karatasi ikatoka nzuri. Nililia pale mlangoni, na nesi akadhani nalia kwa hofu, akanipigapiga mgongoni akisema, "Usiogope mama, huna tatizo." Nilikuwa nimemshika mwizi mkono mpaka mlangoni pa kituo, akachoropoka wakati naulizwa jina langu.

Aliyenisaidia siku ile ni daktari kijana wa zamu, nadhani bado yuko mafunzoni. Alilisoma daftari langu kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, wa kwanza kufanya hivyo. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Unaanza ghafla na kuisha ghafla? Na baada ya hapo unakojoa sana?" Akageuza karatasi ya dawa, akachora moyo kama papai. Juu akaweka nukta, hapo umeme wa moyo unapoanzia, na mstari mmoja wa kuushusha chini. Kisha pembeni akachora kijia kingine chembamba. Akasema wapo watu wanaozaliwa na kijia cha ziada; umeme ukishukia huku unapandia kule, ukabaki unazunguka kama bajaji iliyokosa pa kutokea kwenye kipilefti, na moyo unapiga kwa kila mzunguko. Akasema maelezo yangu yanafanana na hilo, na kwamba kijia hicho huweza kuchomwa kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni. Lakini akasema pia, na namheshimu kwa ukweli wake, "Mama, mimi nahisi tu. Wakubwa wangu watataka kuiona kwenye karatasi."

Alinifundisha pia jambo la kufanya ukianza: kukaa nusu nimelala, kupuliza kwa nguvu ndani ya bomba tupu la mililita 10, lisilo na sindano, hadi kisukumio kianze kusogea, sekunde 15, kisha kulala chali upesi na mtu aniinulie miguu. Tangu hapo nimejaribu mara tatu, mara mbili umekatika pale pale. Binti yangu ndiye mwinua miguu. Msomaji mwenye shida kama yangu asilifanye kwa kusoma gazetini tu, amuulize daktari wake kwanza kama nilivyopimwa mimi kwanza. Na anayezimia, kubanwa kifua au kukosa pumzi moyo ukikimbia, huyo asijaribu chochote nyumbani, akimbizwe hospitali.

Sasa naulizia mambo mawili kwa wahusika wa afya.

Wifi yangu mwingine anaishi Muscat. Alinieleza kwa simu kwamba huko alivalishwa kifaa kidogo chenye waya kifuani, akarudi nacho nyumbani, akapika na kulala nacho saa 24, kikarekodi kila pigo. Kifaa cha namna hiyo nitakipata wapi upande huu wa Tanga bila kwenda Dar es Salaam? Nimeambiwa nijaribu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, nami nitakwenda nikijaliwa, lakini ni kilomita zipatazo 350, na moyo wangu haupangi miadi. Hata hizo saa 24 kwangu huenda zisitoshe, maana mbio zangu huja kwa wiki. Nasikia vipo vya kukaa navyo siku nyingi. Je, vimo katika huduma zitakazolipiwa chini ya ile Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023? Mimi sina bima, nalipa kwa sindano na uzi, na ningependa kujua nijiwekee nini.

La pili halihitaji kifaa kipya wala fedha ya wafadhili, na ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Mtu mzima akifika dirishani akasema moyo wangu unakimbia sasa hivi, muuguzi amshike kifundo sekunde 15. Akikuta mapigo yanazidi 150 na mtu amekaa tu, apelekwe kwenye mashine ya ECG saa ileile. Kadi, malipo na foleni vije baadaye. Mama mwenye uchungu wa kuzaa tunampisha, majeruhi wa bodaboda tunampisha. Karatasi moja iliyochukuliwa moyo ukiwa mbioni ingenipa jibu ambalo zile tano hazikunipa, na ingemwondoa daktari kwenye kukisia na mimi kwenye vidonge vya usingizi. Na ikiwa mashine ni moja na inazunguka wodini, basi mapokezi wajue muda wote iko wapi.

Nawaomba pia wasomaji waliopitia haya, hasa wanawake wenzangu mlioambiwa ni mawazo, muandike kupitia gazeti hili. Mliambiwa ni nini mwishowe? Nani aliunasa, na kwa kipimo gani? Kama yupo daktari wa moyo anayesoma safu hii, nitayashukuru hata majibu ya mistari mitatu.

Mara ya 11 ilikuwa Jumanne iliyopita, saa mbili usiku, nikiwa napinda pindo la kanzu. Dakika tisa. Nilipuliza bomba mara mbili, ya pili ukakatika. Nimeshaandika kwenye daftari.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga
(Jina langu kamili nimelikabidhi kwa Mhariri)