Bajeti ya mji isipitishwe bila makadirio ya miaka kumi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nieleze wasiwasi wangu kuhusu namna mabaraza ya miji yanavyopanga fedha. Kila mwaka madiwani hukutana, hubishana kwa siku kadhaa, hupitisha bajeti ya miezi 12, kisha hutawanyika bila yeyote kuuliza hali ya fedha itakuwaje miaka saba au kumi ijayo. Swali hilo lisipojibiwa, naiona bajeti hiyo kuwa haijakamilika, hata kama hesabu zake zimelingana hadi senti ya mwisho.

Tuangalie ujenzi wa soko. Gharama ya kulijenga hujadiliwa kwa kina, pamoja na mkopo wake. Lakini soko likishafunguliwa linahitaji walinzi, umeme, maji, uzoaji wa taka na, baada ya miaka 20 hivi, paa jipya. Matumizi hayo hayamo katika bajeti ya mwaka wa ujenzi, kwa hiyo diwani anayenyoosha mkono kuunga mkono mradi hajui mzigo anaowatwisha watakaokuja baada yake. Fedha zinapopungua, fungu la matengenezo hukatwa kwanza, maana mishahara isipolipwa watumishi watagoma, ilhali bomba lililochakaa huvumilia miaka kadhaa kabla ya kupasuka. Deni la namna hii haliandikwi katika daftari lolote, nami naliona la hatari kuliko mkopo wa benki, ambao angalau una mkataba na tarehe ya kulipwa.

Mji wa Yubari nchini Japani uliishi kwa migodi ya makaa ya mawe, na mwaka 1960 ulikuwa na wakazi zaidi ya 100,000. Migodi ilipofungwa mmoja baada ya mwingine, uongozi ulikopa ili kujenga vivutio vya utalii, na mapengo yakafichwa kwa mikopo ya muda mfupi iliyozungushwa kati ya akaunti za mji wenyewe, hata hesabu za kila mwaka zikaonekana salama. Ukweli ulipojulikana mwaka 2006, deni lilikuwa limepita yeni bilioni 35. Waliolipa ni wakazi waliobaki: kodi na ada zilipanda, watumishi wengi waliondoka, na shule za msingi ziliunganishwa ikabaki moja.

Hata jiji kubwa halisalimiki. Mwaka 2008 baraza la Chicago liliidhinisha, siku chache tu baada ya kupelekewa pendekezo, kukodisha kwa kampuni binafsi mita za maegesho, yaani mashine za kutoza ada ya kuegesha magari, kwa miaka 75 kwa takriban dola bilioni 1.15. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitumika ndani ya miaka michache kuziba mapengo ya bajeti, na mapato ya mita yataendelea kwenda kwa kampuni hiyo hadi miaka ya 2080.

Wapo watakaosema kwamba hakuna awezaye kukadiria mapato ya miaka kumi, hasa kwa mji unaotegemea ruzuku ya serikali kuu. Ni kweli kwamba makadirio yatakosea, ndiyo maana yanapaswa kurekebishwa kila mwaka. Lakini umri wa mabomba, urefu wa barabara, ratiba ya marejesho ya mikopo na idadi ya watumishi wanaokaribia kustaafu vinajulikana leo, na mweka hazina anaweza kuviweka katika jedwali moja.

Ninachoomba ni kanuni yenye nguvu ya kisheria, kwamba bajeti isipigiwe kura mpaka jedwali hilo liwe mezani na limebandikwa mahali ambapo mwananchi anaweza kulisoma. Kwamba kila mradi mpya uonyeshe gharama za kuuendesha na kuukarabati maisha yake yote. Na kwamba fedha zinazopatikana mara moja tu, kama za kuuza ardhi ya mji, zisitumike kulipia mishahara.

Msomaji wenu