Mwalimu Anayelala Chumbani Kwako

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, japo najua hujaniamkia bado. Huku wazima sote, ila babu yako mguu unamsumbua asubuhi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Mimi naanza neno, wewe umeshalimalizia. Barua huwezi kuikatiza. Anakuletea mjomba wako pamoja na mfuko wa dagaa.

Umeniuliza kama uende Jibondo, huko Mafia, ukafundishe kwa kujitolea na kukaa kwa watu usiowajua mpaka ajira zitoke. Mimi sijawahi kukaa kwa watu. Nimekaliwa tu. Mwaka wa pili huu Madamu, mwalimu wa kujitolea wa shule yetu, analala chumbani kwako, basi nitakueleza mambo yanavyoonekana kutokea jikoni.

Alifika na begi la magurudumu, na kutoka gatini Bwisya, hapa kisiwani Ukara, mpaka kwetu alilibeba kichwani, magurudumu yakiangalia mbinguni. Mtoto wa Ubungo, ana shahada kama wewe. Mwalimu mkuu aliniambia ni wiki mbili tu, wanamtafutia nyumba. Unazijua nyumba za walimu za pale. Sikumuuliza tena.

Asubuhi ya pili aliamka kabla yangu. Akafagia uwanja wote, akakusanya majani makavu yaliyokuwa kando ya zizi, akayatia kiberiti. Kwao usafi ndio huo. Natoka, nakuta moshi. Mwanangu, yale yalikuwa matandiko ya ng'ombe ya wiki nzima! Wewe unajua: ng'ombe wetu hatoki kwenye shimo la zizi, majani ndiyo yanamfuata, anayakanyaga mpaka yawe samadi, na samadi ndiyo inayotulimia uwele na mihogo. Kashamba kenyewe unaweza kurusha jiwe likavuka. Babu yako hakusema neno. Alisubiri moto uzimike, akachukua lile sinia bovu, akazoa jivu lote, akaenda kulimwaga shambani. Madamu amesimama na ufagio, anamwangalia.

Jioni akaniuliza, "Mama, nimechoma nini?" Nikamweleza. Hakulia, wala hakuniomba radhi mara kumi kama wafanyavyo wageni mpaka unachoka kuwasamehe. Kesho yake alitoka na tenga la samadi kichwani, amefunga kanga yangu juu ya sketi. Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Nilihesabu, siku ilikuwa hiyo hiyo ya tatu.

Kila nyumba ina kitu inachokipima kimyakimya. Kwetu ni majani. Huko Jibondo umeniambia ni mawe matupu ya matumbawe, na maji ya kunywa watu wamekuwa wakiyavusha kwa mashua. Basi ukifika, kabla hujaoga, tazama kwanza mwenye nyumba anaogaje. Wewe umekulia ziwani, hujui kuhesabu kata za maji.

Darasani simwoni, ila nasikia. Mwezi wa kwanza alirudi amenuna: leo wavulana thelathini, wiki ijayo kumi na wawili, na viboko hataki kushika. Akadhani hawampendi. Mdogo wako ndiye aliyemcheka: "Madamu, ni giza." Nani angemwambia Ubungo kwamba dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi, na kwamba alfajiri mitumbwi ikirudi, watoto wanakuwa ufukweni wanaanika? Alinunua kalenda, akaichora miezi kwa kalamu, ukutani kwako, juu ya ile picha yako ya mpira. Sasa mtihani anaupanga kwenye mbalamwezi, taa za wavuvi zinapopumzika. Na wakati wa giza huwafuata huko huko kwenye vichanja jioni, anawauliza ndoo saba kwa bei ya leo ni shilingi ngapi, na ukitoa mafuta na mtumbwi wa tajiri inabaki ngapi. Kuna tajiri mmoja hakulipenda somo hilo. Tuliache.

Kuhusu pesa nitasema kifupi. Kikaoni wazazi tulikubaliana kumchangia Madamu mia tano kwa mwezi kwa kila mtoto. Lakini tangu elimu bila ada ianze 2016, ukimwambia mzazi achange anakuuliza mchango wa nini tena. Mwezi mzuri Madamu hupata hela, mwezi mbaya hupata dagaa. Kula anakula kwetu, na simwandikii daftari. Ila kuna usiku alikaa hapa jikoni akanionyesha simu yake: wenzake waliosoma naye wamepata kazi benki. Sikuwa na la kumwambia. Nilimwongezea chai. Usiku kama huo utaufikia hata wewe, na mimi sitakuwa jikoni.

Jambo jingine hili sijamwambia mtu. Alhamisi huwa anavuka kwenda gulioni Bugolora. Wewe ulikuwa sekondari 2018, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikiwa kimebakiza kidogo tu kifunge hapa Bwisya. Walikufa watu zaidi ya 220. Unakumbuka tulivyokuwa tukiita majina ufukweni mpaka sauti zikakauka. Kivuko cha sasa ni kikubwa, najua, usinifundishe. Hata hivyo kila Alhamisi jioni nashuka gatini nikijifanya nanunua chumvi, nasimama mpaka nione kilemba chake. Mama yake hunipigia saa hiyo hiyo. Hatuzungumzi mengi. Namwambia, "Namwona," anakata.

Huko Jibondo kuna mama atakayesimama ufukweni hivyo hivyo siku za upepo wa kusi, na hujamzaa wala hakukuzaa. Ukimwambia utarudi saa kumi, rudi saa kumi.

Nenda, baba. Beba chandarua, na usibebe begi la magurudumu. Ukija Krismasi utalala sebuleni, chumba nimeshampa. Daftari lako la Hisabati la kidato cha nne alilikuta chini ya godoro, analitumia. Kurasa mbili kazisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Ni mimi mama yako.