Barua kwa mwanangu: kwa nini walirukaruka

Pasua, Moshi

Mama yangu,

Marahaba. Salamu zako mama yako amenifikishia, pamoja na lile ambalo hukutaka nilisikie: kwamba wenzako wa hosteli walikucheka ulipowaonyesha video ya chombo kikitua Mirihi. Wakasema watu wazima wanarukaruka kama watoto waliopewa pipi, kisa gari lisilo na dereva limefika jangwani. Mama yako anasema ulinyamaza, kisha ukaifuta. Hilo la kuifuta ndilo limenikalisha niandike.

Unaukumbuka usiku ule? Alhamisi, 18 Februari 2021, ulikuwa kidato cha pili. Nchi ilikuwa na msiba. Maalim Seif na Balozi Kijazi walikuwa wamefariki jana yake, siku moja, na mtaani kwetu tulikuwa tumezika mara mbili ndani ya wiki. Sikuwa na moyo wa kutazama chochote. Ni wewe uliyeng'ang'ania, ukaegemeza simu yangu kwenye chupa ya chai. Mama yako akakaanga karanga, kwa sababu ulikuwa umesoma kwamba wahandisi wale wa NASA huko California hula karanga kila chombo kinapotua, tangu mwaka 1964 chombo chao Ranger 7 kilipofika Mwezini baada ya Ranger sita za mwanzo kushindwa.

Picha ikawa inagandaganda. Saa 5:55 usiku yule dada mwenye tone jekundu kwenye paji la uso, Swati Mohan, akatangaza kwamba Perseverance, ndilo jina la gari lile, imegusa chini salama. Wakaruka na barakoa zao. Nawe ukaruka, karanga zikamwagika. Mimi nikatoka nje, ukadhani nimekwenda kuzima taa ya uani. Nilikuwa nalia, mama.

Kesho yake kijiweni nilikuta mjadala umepamba moto. Mmoja anasema zile picha zimepigwa jangwani Marekani, mwingine anasema binadamu anaingilia kazi ya Mungu. Hao sikubishana nao. Ila mzee mmoja wa Kahe, niliyewahi kumfungia pampu, aliniuliza kwa utulivu: "Fundi, dola bilioni 2.7 kwenda kutafuta maji yaliyokauka, na mke wangu anaamka saa tisa usiku kuwahi foleni bombani?"

Swali lile sikulidharau, nawe usilidharau likikujia. Nilimweleza kwamba bonde la Jezero, pale kilipotua, lilikuwa ziwa zaidi ya miaka bilioni tatu iliyopita, mto ukiingia na kumwaga udongo wake. Hata jina lenyewe, katika lugha za huko Bosnia, maana yake ni ziwa. Hewa ya Mirihi ikapungua, na ziwa likaisha. Sisi tunaoona barafu ya Kilimanjaro ikipungua juu, na Ziwa Jipe likimezwa na magugu chini, habari ya ziwa lililokwisha inatuhusu. Mzee hakuridhika. "Basi wakishajua, waje watuambie," akasema, akamalizia kahawa yake. Alikuwa na haki, na bado anayo.

Lakini wenzako hawakuuliza habari za maji. Wamecheka furaha, na furaha ile mimi naijua kwa mikono yangu.

Ulikuwa darasa la tatu nilipoangusha pampu. Kisima cha mita 90, yamebaki mabomba mawili tu kushuka. Bomba likachoropoka kwenye kibano, mzigo wote ukabaki kwenye kamba, na fundo la kamba nililifunga mwenyewe, kwa haraka, jua linazama. Kamba yenye mzigo huwa ngumu kama chuma, inatetemeka kidogo kiganjani. Ikilegea, mkono unajua kabla ya macho. Kikafuata kishindo cha maji kutoka chini kabisa. Kina mama walikuwa wamesimama pale na ndoo. Hakuna aliyenitukana. Walibeba ndoo zao tupu wakaondoka, na mlio wa ndoo zile ninao masikioni hadi leo.

Sasa tazama ile video waliyoitoa siku nne baada ya kutua. Mtambo wa roketi unaelea kama mita 20 juu ya vumbi, unateremsha gari la kilo 1,025 kwa kamba tatu za nailoni. Hakuna mkono wa mtu kwenye kamba. Kushuka kote ni dakika 7, na ishara ya redio ilichukua zaidi ya dakika 11 kufika duniani. Walipoambiwa chombo kimeanza kuingia kwenye anga ya Mirihi, kilikuwa tayari kiko chini, kizima au kimevunjika, wala hapakuwa na la kufanya. Mwaka 1999 walipoteza viwili ndani ya miezi mitatu, kimoja kwa sababu kundi moja lilipiga hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na jingine kwa metriki. Ndiyo maana nilikuwa mkali ukichanganya inchi na milimita, nawe ukinuna.

Nilipowaona wanaruka nilikumbuka mwaka uliofuata, tuliporudi na pampu mpya kisima kilekile. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kwa tope, kisha yakasafika. Vigelegele vikapaa! Bibi mmoja alinishika mikono yote miwili, akaigeuza, akatazama viganja, hakusema neno. Mimi na kijana wangu wa kazi tuliruka ndani ya tope lile kama ndama.

Ile video irudishe kwenye simu yako.

Ukija likizo kuna kisima cha mita 70 Kahe, cha mzee yuleyule. Nimemwomba asubiri, kamba utashika wewe. Njoo na viatu vya tope. Mama yako amekukaangia karanga, mfuko umeondoka na basi la alfajiri. Mpigie kondakta kabla hawajafika stendi, namba yake nakutumia sasa hivi.

Baba yako