Barua ya wazi kwa vijana wa Kigoma mnaotafuta kazi kwenye simu

Wanangu wa Mwanga, Gungu, Ujiji, Katubuka na Kibirizi, na ninyi mliorudi nyumbani na vyeti vya chuo mkisubiri ajira,

Hamjambo? Nimekaa kaunta ya benki mpaka nikastaafu, na wengi wenu nawajua tangu mkibebwa mgongoni. Ninaandika kwa sababu tangazo la kazi ya "mteja wa siri" limeingia kwenye makundi yetu ya WhatsApp, na naona mnavyolisambaza kwa nia njema, kila mmoja akimvuta mwenzake asikose nafasi.

Kazi yenyewe ipo, sitawadanganya. Kampuni yenye hoteli, benki, vituo vya mafuta au maduka makubwa hutaka kujua wateja wake wanahudumiwaje bosi asipokuwepo. Hukodi kampuni ya utafiti, nayo humtuma mtu aingie kama mteja yeyote: apange foleni, anunue kitu kidogo, aangalie kama alisalimiwa, kama alipewa risiti, alisubiri dakika ngapi, choo kikoje. Akitoka anajaza fomu. Baadaye hulipwa posho ndogo, na mara nyingi hurudishiwa hela aliyonunulia akionyesha risiti. Kampuni hizi zina hata chama chao cha kimataifa, MSPA, chenye tawi la Ulaya na Afrika. Ni kibarua cha hapa na pale, hakina mshahara, na kampuni ya kweli haimtozi mtu ada ili aanze.

Sasa lisomeni tena tangazo lile. Laki moja na nusu kwa siku. Uzoefu hauhitajiki. Umechaguliwa, ingawa hukuomba. Jibu ndani ya saa mbili, nafasi zinaisha. Jamani, hapa Kigoma kuna maduka mangapi ya kumlipa mtu laki na nusu kila siku aje kutazama rafu? Sisi tunanunua soko la Mwanga na kwenye duka la jirani, na mwenye duka anakaa hapo hapo akimwona muuzaji wake kwa macho yake. Nani basi anayemhitaji huyo mteja wa siri?

Marekani, ambako utapeli huu ni wa siku nyingi, huja na hundi. Mtu anatumiwa hundi, anaambiwa aiweke kwenye akaunti yake, achukue posho yake, zinazobaki azitume kwa Western Union au MoneyGram ili "kuwapima wahudumu", au anunue kadi za zawadi na kuwatumia picha za namba zake. Hapa nisikilizeni kama mtu wa benki: hundi kuonekana kwenye salio si kwamba imelipwa. Mteja anaweza kuruhusiwa kutoa fedha, kisha siku au wiki kadhaa baadaye ikagundulika hundi ni ya kughushi. Benki inamdai yule aliyeiweka. Tapeli kashachukua fedha halali, na deni limebaki kwa aliyedhani ameajiriwa.

Kwetu vijana hawashiki hundi, kwa hiyo mchezo ule ule unapita kwenye simu. Inaingia meseji: umepokea shilingi 350,000. Kazi yako ya kwanza ni kutuma 300,000 kwa wakala fulani, 50,000 ni posho yako, kisha uandike wakala alivyokuhudumia. Ile meseji imeandikwa na mtu, kutoka namba ya kawaida. Hakuna hela iliyoingia. Utakayotuma ni yako, au ni ya mama yako, mtaji wake wa mawese aliokupa umtunzie. Kwa hiyo meseji isikutoshe. Angalia salio mwenyewe: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa.

Ipo aina nyingine ninayoiogopa zaidi, kwa sababu mwanzoni inalipa kweli. Unaingizwa kwenye kundi la Telegram, unaambiwa upige picha ya duka au uipe hoteli nyota tano, na jioni unapata 5,000. Kesho 8,000. Wavuvi wetu huwasha taa usiku wa giza, dagaa wanaufuata mwanga kwa hiari yao, na wavu upo chini unasubiri. Hiyo 5,000 ndiyo taa. Siku ya tatu unaelezwa kuwa kazi za daraja la juu zinahitaji uweke 50,000 kwanza. Ukiweka, unaonyeshwa kwenye skrini kuwa umeshafikisha 120,000. Ukitaka kutoa unaambiwa umekosea hatua, akaunti imefungwa, lipa 80,000 ifunguliwe. Ukilipa, inakuja kodi. Wale wengine kwenye kundi wanaotuma picha za malipo na kushukuru, wengi wao ni watu wa tapeli. Wazee wenzangu wanaikumbuka DECI, ule upatu wa kuzalisha hela: watu walipanda "mbegu", yaani waliweka hela zao, wa mwanzo wakavuna na kusimulia mtaani, na serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 mbegu za wengi zilikuwa hazijarudi.

Kuna jambo ambalo vijana hawalifikirii kabisa. Pengine hela inayoingia kwenye laini yako ni ya kweli, lakini imeibwa kwa mtu mwingine, na kazi yako ya "mteja wa siri" ni kuipitisha. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Mwenye hela akilalamika, jina litakalotokea mbele ya polisi ni lako, siyo la yule aliyekuita "Meneja".

Wakikuomba namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, picha yako umeshika kitambulisho, namba ya siri au tarakimu zilizotumwa kwenye simu yako, acha hapo hapo, hata kama hawajaomba hela. Aliyeshawapa apige *106# aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na asiyoitambua aende kuifuta dukani kwa mtandao husika.

Naomba niseme na wale ambao imeshawakuta. Najua mmenyamaza kwa aibu, mkiogopa kucheka kwa wenzenu na hasira za nyumbani. Ninyi si wajinga. Watu hawa ndiyo kazi yao mchana na usiku, na wanamlenga mtu mwenye shida ya kazi kwa sababu wanajua anasoma tangazo kwa matumaini. Kunyamaza kunawapa muda. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, dakika hiyo hiyo, maana hela ambayo haijatolewa huenda ikazuiliwa. Tuma ule ujumbe na namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Usifute mazungumzo, nenda nayo polisi na uchukue RB, namba ya taarifa yako. Na akija mtu mwingine kukwambia anaweza kuirudisha hela yako kwa ada kidogo, huyo naye ni tapeli, mara nyingi ni yule yule.

Kwa kazi halali, jiandikisheni TaESA, huduma ya ajira ya serikali, na kampuni yoyote inayojitaja itafuteni BRELA, wanaosajili kampuni, kabla ya kuijibu.

Mnaosimamia makundi, tangazo hili likiingia liondoeni, kisha mwelezeni faraghani aliyelituma. Na mwenye ujumbe anaoutilia shaka aniletee simu tuusome pamoja kabla hajatuma hata shilingi. Napatikana nyumbani Ujiji kila siku baada ya sala ya alasiri, na mzazi wako hataambiwa na mimi.

Mama yenu,
mstaafu wa benki, Ujiji